Pikapu ya zamani yenye gia otomatiki: kutafuta chanzo kabla ya kushusha giaboksi

Pikapu ikishazeeka na gia yake otomatiki ikaanza kusumbua, hukumu hutoka haraka: "Giaboksi hiyo imekwisha." Mara nyingi hutoka kabla mtu hajachomoa hata kijiti cha kupimia oili. Inaniuma kuona giaboksi nzima inashushwa kwa sababu ya kebo iliyolegea au fyuzi iliyoungua. Inaniuma vilevile kuona mtu anaendesha gari linaloteleza mwezi baada ya mwezi, mpaka unga wa klachi moja iliyochakaa unasambaa na kuua kila kitu ndani.

Giaboksi otomatiki ina tabia moja inayomsaidia sana anayechunguza: vifaa vyake vinatumika katika gia zaidi ya moja. Klachi inayoshika gia ya 3 inaweza kuwa ndiyo hiyohiyo inayoshika rivasi. Kwa hiyo ukiorodhesha kwa uangalifu gia zinazofanya kazi na zisizofanya, orodha yenyewe inakaribia kukutajia kifaa kilichokufa. Chukua karatasi na kalamu kabla ya spana.

Andika gari linafanya nini katika kila nafasi ya leva: R, D, 2 na L (au 1), kila moja peke yake. Andika kama tatizo linatokea injini ikiwa baridi, ikiwa moto, au wakati wote. Andika kama linatokea unapokanyaga mafuta kidogo au unapokandamiza, na kwa mwendo gani. "Gia inasumbua" haimsaidii fundi yeyote. "Ikishapata moto, inaingia 2 vizuri, lakini ikitaka 3 injini inapiga kelele bila gari kuongeza mwendo" inamsaidia sana.

Oili ya giaboksi kwanza, na ipimwe inavyotakiwa

Endesha gari dakika kumi na tano au ishirini ili oili ipate moto. Simama mahali tambarare, vuta breki ya mkono, acha injini inanguruma. Mguu ukiwa kwenye breki, pitisha leva kwenye kila nafasi, ukitulia sekunde chache kila moja, kisha irudishe P. Magari mengi hupimwa katika P. Dodge na ndugu zake wa Chrysler hupimwa katika N, kwa sababu kwenye giaboksi zao nyingi pampu haijazi konveta (kopo kubwa la oili kati ya injini na giaboksi, linalopitisha nguvu) leva ikiwa P. Chomoa kijiti, kifute, kirudishe mpaka mwisho, chomoa tena. Soma pande zote mbili. Upande unaoonyesha kiwango cha chini ndio wa kuaminika, ule mwingine umepakwa na oili iliyoshuka kwenye bomba.

Ukipima injini ikiwa imezimwa, kijiti kitaonyesha oili nyingi kuliko ilivyo, maana sehemu ya oili hurudi kwenye sampu, yaani trei iliyo chini ya giaboksi. Watu wengi wamedanganyika hapo.

Oili ikipungua, pampu inavuta hewa, shinikizo linashuka, klachi zinateleza. Oili ikizidi, matokeo yanafanana: vifaa vinavyozunguka vinaipiga mpaka inatoa povu, na povu halina nguvu ya kukandamiza klachi. Kwa hiyo ongeza kidogo kidogo na upime tena. Kwenye magari mengi nafasi kati ya alama ya chini na ya juu ni karibu nusu lita tu.

Baada ya kiwango, angalia rangi. Dondoshea tone kwenye karatasi nyeupe. Nyekundu au ya waridi inayopitisha mwanga ni nzima. Ya kahawia isiyo na harufu mbaya imezeeka tu. Nyeusi yenye harufu ya kitu kilichoungua maana yake vitambaa vya klachi vimekwisha kuungua, na hakuna oili mpya itakayovirudisha. Ikiwa ya waridi nzito iliyofifia, isiyopitisha mwanga, maji ya rejeta yameingia. Hiyo ndiyo mbaya kuliko zote: kipoza oili kilichomo ndani ya rejeta kimetoboka, na maji yanabandua gundi inayoshikilia vitambaa vya klachi. Usiendeshe hata kidogo zaidi; zima na uvute.

Aina ya oili nayo ina uzito wake. Ford nyingi za miaka ya 1960 na 1970, na Toyota kadhaa za zamani, zilitaka Type F, ambayo inashika kwa ukali. GM zilitumia Dexron, Dodge nyingi za miaka ya 2000 zinataka ATF+4, Toyota kadhaa za mwishoni mwa miaka ya 1990 zinataka T-IV. Ukiweka isiyo yake, unaweza kuleta mtetemo au kishindo ambacho hakikuwepo, halafu ukaanza kutafuta ugonjwa ambao umeuleta mwenyewe kwenye chupa.

Kama ilikuwa pungufu, imeenda wapi?

Giaboksi haichomi oili kama injini. Ikipungua, inavuja. Tandika boksi la karatasi chini ya gari usiku. Tone likiangukia kati ya injini na giaboksi, ni sili ya mbele, au ni sili ya nyuma ya injini, rangi itakuambia. Katikati ni gasketi ya sampu au sili ya shafti ya leva. Nyuma kabisa ni sili ya mkia, pale propela inapoingia. Mbele karibu na rejeta ni mabomba ya kipoza.

Kuna mahali pawili ambapo oili hupotea bila hata tone moja kuonekana chini, na hapa ndipo watu huhangaika. Kwanza, giaboksi za zamani kama TH350 na TH400 za GM, na C6 ya Ford, zina modyuleta ya vakyumu (mvuto wa hewa wa injini), kopo dogo lenye kiwambo ndani, lililounganishwa kwa mpira na injini. Kiwambo kikichanika, injini inanyonya oili ya gia na kuichoma, na moshi mweupe hutoka kwenye ekzosi. Chomoa mpira huo mdogo kwenye modyuleta. Ukikuta oili ndani yake, umepata. Pili, kwenye pikapu ya magurudumu manne yanayovuta, sili kati ya giaboksi na gia ndogo ya 4x4 ikichakaa, oili huhamia huko. Fungua nati ya kujazia ya gia ndogo. Oili ikimwagika nyingi, huko ndiko ilikokwenda.

Injini inanguruma, gari haliendi popote

Anza na vitu vya aibu: leva ya 4x4 imekaa N? Halafu weka kizuizi kwenye magurudumu, mtu akae kwenye usukani na mguu kwenye breki, wewe angalia kutoka pembeni, usiingie chini ya gari. Aachie breki taratibu katika D. Propela ikizunguka na gari halisogei, giaboksi haina kosa. Tazama difu au shafti za magurudumu.

Propela isipozunguka, fuata kebo au fimbo ya leva mpaka kwenye giaboksi. Kwenye magari yenye umri, bushi ya plastiki mwishoni mwa kebo hukauka na kuvunjika. Leva ndani inaonyesha D, mkono wa giaboksi chini uko N. Bushi ndogo kama hiyo imewahi kupeleka giaboksi nyingi mezani bila sababu.

Kebo ikiwa nzima, pima pampu kwa njia rahisi. Chomoa kijiti injini ikiwa imezimwa na usome. Washa injini, soma tena. Kiwango kinatakiwa kushuka, kwa kuwa pampu imevuta oili kujaza konveta. Kisiposhuka, pampu haivuti: filta imeziba au imeanguka ndani ya sampu, pampu imevunjika, au konveta haiizungushi.

Dalili moja ina maana mahususi: gari linaenda vizuri asubuhi, linaanza kuishiwa nguvu likipata moto, halafu linasimama kabisa, ukizima ukasubiri nusu saa, linaenda tena. Hiyo mara nyingi ni filta iliyojaa unga wa klachi. Ukisimama unga hushuka chini, ukiendesha hunyonywa tena. Filta mpya itakupa siku kadhaa, lakini unga huo umetoka kwenye klachi, na klachi hiyo haijapona.

Inachelewa kushika

Hesabu muda kutoka N hadi gari linaposhika. Kwa giaboksi ya Toyota A340, iliyofungwa kwenye Hilux nyingi, oili ikiwa moto muda wa kawaida ni chini ya sekunde 1.2 kwenda D na chini ya 1.5 kwenda R. Ikizidi hapo, kuna shinikizo linalopotea au klachi iliyochakaa.

Ikichelewa mara moja tu asubuhi baada ya kulala muda mrefu, konveta ilirudisha oili kwenye sampu. Si jambo la kushushia giaboksi. Ikichelewa kila mara ikiwa baridi na ikanyooka ikipata moto, sili za mpira za pistoni za klachi zimekauka na zinalainika kwa joto. Ikiwa kinyume, nzuri ikiwa baridi na mbaya ikiwa moto, oili nyepesi inapenya kwenye nafasi zilizopanuka: pampu iliyolika, sili zilizokatika au bodi ya valvu (inayogawa oili kwenye klachi) iliyochakaa. Hapo ni vizuri kupima shinikizo kwa geji kwenye tundu lililo ubavuni mwa giaboksi na kulinganisha na kitabu cha gari hilo. Geji hiyo huokoa ubishi wa siku nzima.

Gia zipi zimepotea?

Hapa ndipo karatasi yako inalipa. Chukua giaboksi ya kawaida ya gia tatu, mfano TH350 au A727 ya Chrysler.

Gari haliendi katika D lakini linaenda katika L. Kinachoshikilia gia ya 1 katika D ni klachi ya upande mmoja, ile inayozunguka upande huu na kukataa upande ule. Katika L breki nyingine huja kusaidia. Kwa hiyo klachi ya kwenda mbele ni nzima. Iliyokufa ni hiyo ya upande mmoja.

Haliendi D, 2 wala L, lakini rivasi ipo. Klachi ya kwenda mbele imekwisha, au shinikizo haliifikii.

Rivasi imepotea na gia ya 3 pia imepotea. Hizi mbili zinatumia klachi moja, iitwayo klachi ya moja kwa moja. Ndiyo hiyo.

Rivasi imepotea lakini gia ya 3 ni nzuri. Teremka mahali penye mteremko mdogo ukiwa L na uachie mafuta. Injini isipolizuia gari, breki ya chini na rivasi imekufa, kwa maana ndiyo inayofanya kazi zote mbili. Kwenye A727 hiyo ni bendi ya nyuma, mkanda wa chuma unaobana ngoma, na kabla ya kukata tamaa jua kwamba bendi hukazwa. Kitabu kinaeleza nguvu ya kukaza na mizunguko ya kurudisha nyuma.

Kwa gia nne mambo yana sura yake. 700R4 ya GM, iliyoanza mwaka 1982, na 4L60E iliyofuata yenye umeme, zina magonjwa mawili yanayojulikana na kila fundi anayezifungua. Ikiwa na 1, 2 na rivasi, lakini ikitaka 3 injini inapanda mngurumo bila mwendo, klachi za 3-4, zile zinazoshika gia ya 3 na ya 4, zimeungua. Ikiwa na 1 na 3 pekee, bila 2, 4 wala rivasi, ganda la gia ya jua limekatika. Ni kipande cha bati kinachounganisha gia hiyo, inayokaa katikati ya nyingine, na ngoma. Fundi akikuambia "klachi zote zimekwisha" wakati dalili zako ni za ganda hilo, mwombe akueleze amejuaje.

Inabadilisha kwa kuchelewa, au kwa kishindo

Giaboksi zisizo na kompyuta zinahitaji kujua mambo mawili: gari linaenda kasi gani, na mguu umekanyaga kiasi gani. Kasi huletwa na gavana. Ikikwama kwa uchafu, gari linabaki gia ya 1 mpaka uachie mafuta, au halipandi kabisa. Gavana ya TH350 imo chini ya kifuniko kimoja ubavuni, na kwenye TH400 nayo hutoka kwa nje. Unaweza kuisafisha bila kushusha chochote.

Habari ya mguu huletwa na kebo kutoka kwenye kabureta, au na vakyumu. Mpira wa vakyumu ukipasuka, giaboksi inadhani umekandamiza mafuta: inachelewa kubadilisha na inapiga kwa nguvu. Kebo ikilegea, kinyume chake: inabadilisha mapema na kwa ulegevu. Kwenye 700R4 kebo hiyo ndiyo inayopanga pia shinikizo lote la giaboksi. Ikiwa imelegea au imechomoka, usiendeshe gari hata kwenda kwa jirani. Klachi za 3-4 zitateleza na kuungua, na kutoka nje utahisi kwamba gia inaingia kwa ulaini mzuri. Nimeona watu wakisifu ulaini huo.

Kishindo kikitokea tu unapotoka N kwenda D au R, angalia kwanza mizunguko ya injini isiwe juu sana mafuta yakiwa hayajakanyagwa, kisha krosi za propela na raba za kushikilia giaboksi. Shika propela kwa mikono miwili gari likiwa limezimwa na kuzuiwa, izungushe kushoto na kulia. Krosi iliyolika utaisikia ikigonga na utaona kutu nyekundu kama unga pembeni mwa kofia zake.

Za umeme: taa inayopepesa

Giaboksi za pikapu nyingi za mwisho wa miaka ya 1980 kuja mbele huongozwa na kompyuta. Kwenye Toyota, taa ya O/D OFF (O/D ni ovadraivu, gia ya juu kabisa) inayopepesa yenyewe ni ujumbe wa hitilafu. Ford zenye giaboksi ya E4OD hufanya vivyo hivyo. Kwenye Toyota za kabla ya OBD-II (mfumo wa pamoja wa kusoma hitilafu), unganisha TE1 na E1 kwenye kisanduku cha uchunguzi kwa kipande cha waya, O/D ikiwa imewashwa, fungua swichi bila kuwasha injini, na uhesabu mapepeso: manne kisha mawili ni namba 42. Namba 42 na 61 ni sensa za mwendo, 62 na 63 ni solenoidi (vali ndogo za umeme) za kubadilisha gia, 64 ni ya kufunga konveta.

Kabla ya kununua solenoidi, pima betri na alteneta, kwaruza na kukaza waya wa ethi, chomoa soketi ya giaboksi uangalie kama ina oili au ukungu wa kijani ndani. Kisha pima solenoidi yenyewe kwa ommita. Solenoidi za kubadilisha za A340E, ile A340 inayoongozwa na umeme, ni kati ya ohmu 11 na 15.

Kuna jaribio moja ninalolipenda kuliko yote kwa A340E: chomoa soketi ya solenoidi na uendeshe. Bila umeme, D itakupa ovadraivu, 2 itakupa gia ya 3, na L itakupa gia ya 1. Gari litaondoka kwa uzito mkubwa katika D, hilo ni sawa. Gia hizo zikishika bila kuteleza, upande wa mitambo kwa gia hizo ni mzima, na tatizo lako liko kwenye umeme: waya, sensa, solenoidi au kompyuta. Zikiteleza hata hivyo, acha kununua sensa.

Mtetemo katika mwendo wa wastani

Uko kilomita 60 hadi 80 kwa saa, mguu umetulia, gari linaanza kutetemeka kama unapita juu ya matuta madogo yaliyofuatana. Gusa pedali ya breki kidogo tu, kiasi cha kuwasha taa za nyuma, huku mguu mwingine ukishikilia mafuta palepale. Kugusa huko huachia klachi iliyo ndani ya konveta. Mtetemo ukikatika papo hapo, konveta ilikuwa inajaribu kufunga. Hapo kubadilisha oili kwa aina sahihi wakati mwingine huponya kabisa.

Lakini usisahau injini. Plagi au waya wa plagi ulio dhaifu hujitokeza hasa konveta ikifunga, kwa kuwa injini inabebeshwa mzigo katika mizunguko michache. Ukikandamiza mafuta katika gia ya chini na bado injini inakatakata, anza na plagi.

Kelele

Mlio mwembamba unaopanda na injini hata katika P: oili pungufu, filta iliyoziba, au pampu. Mlio wa chuma kugonga kati ya injini na giaboksi: fungua kifuniko cha chini, angalia boliti za konveta na ufa kwenye bamba linaloishika. Mlio unaotokea katika gia fulani na kupotea katika nyingine ni wa gia zenyewe ndani. Huo ni wa kushusha.

Sampu ndiyo inayotoa hukumu

Usikubali giaboksi ishushwe kabla sampu haijafunguliwa. Mimina oili taratibu na uchunguze kilichobaki chini. Futa sumaku kwa kidole: tope la kijivu, laini kama masizi, ni uchakavu wa kawaida wa miaka. Sugua tope hilo kati ya vidole. Ukihisi chembe zinazokwaruza, ukaona vipande vya chuma vinavyong'aa, au rangi ya dhahabu ya bushi, kuna kitu kinalika. Vipande vyeusi vinavyovunjika kama majani makavu ni kitambaa cha klachi. Kipande cha plastiki ya njano au nyeupe kinaweza kuwa kizibo cha kijiti kilichosukumwa ndani siku gari lilipotengenezwa kiwandani, kwenye aina kadhaa za Ford. Hicho hakina madhara.

Sampu ikiwa safi na gia hazitelezi, badilisha filta na oili. Kufungua sampu kunatoa sehemu tu ya oili, kwani nyingi hubaki kwenye konveta, kwa hiyo rudia baada ya muda. Sampu ikiwa na vitambaa, kubadilisha oili ni kupoteza oili. Na kusafisha kwa mashine ya shinikizo kwenye giaboksi ambayo tayari inateleza sikushauri kamwe. Huutawanya uchafu hadi kwenye valvu.

Ukilazimika kuvuta pikapu, nyanyua magurudumu ya nyuma au fungua propela. Pampu inazungushwa na injini. Injini ikiwa imezimwa, magurudumu yanazungusha vifaa vilivyokauka.

Na giaboksi ikishafunguliwa na kutengenezwa, hakikisha kipoza na mabomba yake vimesafishwa au vimebadilishwa, na kwamba konveta ya zamani haikurudishwa ikiwa na unga wake. Uchafu uliobaki mle huingia kwenye klachi mpya siku ya kwanza.